Mlinganyo Uliomsahau Mkwe

Leo uso wangu nimeuacha darasani, nyumbani nimerudi na kichwa tu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Amani. Asubuhi nilikuwa nafundisha maswali ya kwenda na kurudi, darasa limepoa. Zuhura, mwanafunzi wangu hodari wa kunichokoza, akataka kujua kama aljebra imewahi kumsaidia mtu yeyote nje ya darasa. Wenzake wakacheka. Mori ukanipanda (hapo ndipo nilipoharibu).

Nikawaambia mapumziko ni nusu saa, na mkwe wangu wa Mtoni kaniita nikachukue mayai. Kwenda, vespa yangu itakimbia kilomita thelathini kwa saa. Kurudi ishirini, kwa sababu ya mayai. Naweza kufika umbali gani? Nikaandika ubaoni:

x/30 + x/20 = ½

x ikatoka 6. Na kwa mkwe ni kilomita sita hasa! Nikajiona bingwa. Nikaahidi mbele ya darasa zima: nikichelewa, mtihani wa kesho naufuta.

Kwenda nilifika kama nilivyopanga. Nikapiga hodi, nikamwamkia mama, nikamwambia nina haraka, nachukua mayai tu.

"Haraka ya nini, mwanangu? Kwani umekuja kuomba moto? Kaa kitako ule."

Jamani, mkwe unamkatalia vipi? Nikakaa. Ukaja wali, akaja pweza wa nazi. Nikala mbiombio. Akadhani nina njaa, akaniongeza! Kisha akaulizia afya ya ukoo wangu wote, mmoja mmoja (na kwetu tuko wengi).

Nilipoingia darasani, kipindi changu cha pili kilikuwa kinakaribia kwisha. Trei ya mayai nimeikumbatia, mdomo unanukia pweza. Watoto wametulia kimya, heshima tupu. Nikageukia ubao. Mlinganyo wangu ulikuwa umeongezwa kitu:

x/30 + x/20 + M = ½

Nikauliza M ni nini.

"Mkwe, ticha," akasema Zuhura kwa upole. "Ulimsahau."

Darasa likalipuka. Mwalimu mkuu alikuwa anapita, akachungulia, akasoma ubao, akanitazama mimi na mayai yangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Mtihani nikaufuta pale pale.

Naomba msinicheke. Keshokutwa natakiwa kurudisha trei Mtoni, na nimeshaomba ruhusa ya siku nzima.