Vipepeo kwenye Pindo la Shati

Jumatatu, 8 Julai
Mfungo umeanza. Ndizi za kuchemsha, samaki mdogo wa kuchoma, basi. Chumvi marufuku, pilipili marufuku, kumgusa mke marufuku. Hilo la mwisho halinisumbui, mke mwenyewe hataki kuniona! Delicia karudi kwa mamake tangu nilipobadilisha cherehani yake kwa mashine ya kukunia muhogo. Mashine nzuri sana. Imekosa mkanda tu.

Mama mkwe, Hermelinda, ndiye mganga wa ayawaska hapa kijijini, ile dawa chungu ya mizizi inayonywewa ili kuona maono. Kaniweka kibanda cha nyuma, kwenye migomba. Kasema nikifunga vizuri, ninywe, kisha nitulie mpaka anifungue mwenyewe kwa chumvi, Delicia atarudi nyumbani. Nikavunja, nisahau.

Jumatano, 10 Julai
Shemeji Elmer naye anafunga, kibanda cha jirani. Anakula kimya, anashukuru. Mnafiki mkubwa! Samaki hana ladha hata kidogo.

Nina mpango. Chumvi nimeishonea ndani ya pindo la shati. Nikijifanya nafuta mdomo, nalamba. Nimeshona kwa mkono, vidole vyote vinauma. Cherehani ingefaa sana hapa.

Ijumaa, 12 Julai
Balaa! Nimekaa mtoni na Elmer, natafakari, wakaja vipepeo wa manjano. Kundi zima, wote kwenye pindo langu. Nimesahau jinsi wanavyopenda chumvi, mimi niliyezaliwa kandokando ya mto huu wa Ucayali! Nilipowafukuza, wakarudi na wenzao. Elmer akainama kama anayetafuta kitu majini. Alikuwa anacheka.

Mama mkwe akapita na ndoo yake.

“Mkwe wangu,” akasema taratibu, “naona una wageni.”

Naanza mfungo upya. Shati kalichukua. Delicia aliliona, akageuka akaingia ndani, na hilo ndilo lililoniumiza.

Jumanne, 23 Julai
Jana tumekunywa. Nimetapika mpaka basi. Elmer naye katapika, lakini kwa adabu.

Asubuhi mama mkwe akauliza kila mmoja kaona nini. Nilikuwa nimeandaa hadithi ya chatu wa vichwa vitatu. Elmer akasema kamwona marehemu babake anatengeneza wavu, akalia. Zamu yangu ikafika, chatu akagoma kutoka. Nikasema kweli: nimemwona Delicia anashona kwa mkono, na kila ninaposema nina mpango, sindano inamchoma kidole. Nikalia kuliko Elmer.

Delicia alikuwa jikoni, anasikia. Mama mkwe akaniambia nisiongeze neno, nikakae na maono hayo.

Jumamosi, 3 Agosti
Nimekaa nayo. Mwisho nimetoa mtumbwi wangu, nikapewa cherehani. Nimeibeba begani mpaka kwa mama mkwe. Akanitia chumvi na ndimu ulimini, akasema nimefunguliwa. Chumvi tamu jamani!

Delicia akaishika cherehani, akanitazama, akasema, “Twende nyumbani, Nolberto.”

Jumapili, 4 Agosti
Mke wangu anashona, anaimba chini chini. Nina furaha ya kweli. Mimi ni mtu mpya, mipango nimeachana nayo kabisa.

Nimemtazama asubuhi nzima. Ile cherehani ina mkanda mzuri, wa ngozi. Alipokwenda mtoni kufua nikaupima kwa kamba. Unaenea kwenye mashine ya muhogo, sawasawa!

Huu si mpango. Ni kuazima tu. Wala hatajua, maana mkanda hauna chumvi.