Maua Manane ya Bi Bunruan

Decho alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na mchana ule wa jua kali mjini Nakhon Pathom ulimi ukaanza kumwasha. Langoni kwa ajuza mmoja, ndani ya chungu kilichopasuka, aliona poisiani imechanua. Ni mti wa miiba usiojali kiangazi, kila nyumba ina mti huo. Lakini huu kila kishada kilikuwa na maua manane, si manne kama kwa majirani, na nani asiyejua kwamba ukikuchanulia manane bahati imekwisha kubisha hodi? Mzee Kamthon, mwenye kinu cha mpunga, alikuwa akiutafuta mwaka mzima na ameahidi kuulipia baht laki moja.

Decho akazima pikipiki, akakutanisha viganja, akamwinamia ajuza huyo, Bi Bunruan, mpaka paji likakaribia magoti. Kisha akaanza kusikitika. Miiba ile, alisema, imeuelekea mlango, ni mkosi mtupu. Kwani mama haumwi popote?

"Magoti, mwanangu. Siku hizi hata ngazi sipandi."

"Si unaona? Nipe mimi nikuondolee huo mkosi, mama."

Bi Bunruan akafuta machozi. Ila mti alioulea mtu kwa mkono wake hautolewi bure, akamkumbusha, mkosi utarudi kabla jua halijachwa. Anayeuchukua lazima aache kitu anachokipenda. Akaitazama pikipiki kidogo, kwa haya, akainamisha macho.

Decho hakuwa na kitu kingine duniani. Pikipiki ndiyo iliyokuwa miguu yake, na tapeli asiye na miguu hana kazi. Lakini kwa laki moja angenunua mpya na chenji ibaki. Akatoa ufunguo.

Alitembea saa nzima amekumbatia chungu, miiba ikimdunga kidevu, naye anacheka peke yake. Mzee Kamthon akavaa miwani, akahesabu: manane. Akahesabu tena kishada cha pili, akaagiza aletewe mkoba wa fedha. Ndipo jogoo wake wa kupigana, aliyekuwa amepakatwa mapajani, akanyoosha shingo akadona. Maua manne yakaanguka. Akadona kishada kingine, manne tena. Wallahi jogoo yule hakuwa na haja na maua, alikuwa akila gundi.

Mzee Kamthon akachovya kidole kwenye gundi hiyo, akaonja. Wali wa kunata, tena wa jana.

"Kijana," akasema taratibu, "umeniletea mti au kiporo?"

Decho alirudi mbio, jasho likimtiririka. Alimkuta Bi Bunruan amekaa juu ya pikipiki, kofia ngumu kichwani, chungu kingine chenye maua manane kimefungwa nyuma yake.

"Mama, umeniibia!"

"Nimekuibia nini, mwanangu? Ulisema utaniondolea mkosi, nawe umeondoka nao. Ona, hata magoti yamepona."

Akainua mguu, akapiga kiki mara moja tu, pikipiki ikawaka.