Hotpoti Mbili Kituo cha Polisi

Jamani, leo uso wangu sina pa kuuweka.

Mnajua nauza vitenge Kariakoo, na mume wangu, Baba Rehema, ni fundi magari mtaa wa Gerezani. Asubuhi napigiwa simu: kakamatwa! Duka la spea jirani na gereji yao limevunjwa, mwizi kajikata kwenye bati kaacha damu, polisi wamezoa mafundi wote wa pale. Sikutetereka. Baba Rehema mwizi? Thubutu! Yule akiokota hata spana anauliza ya nani.

Nikafunga duka, nikapakia wali na samaki kwenye hotpoti, huyoo kituoni. (Mume wangu akiwa na njaa ana mdomo. Niliogopa atawajibu vibaya, wamnyime dhamana.)

Kaunta nikamkuta afande mmoja mtu mzima, mpole. Nikampa shikamoo yake, nikamtajia mume wangu.

"Marahaba. Chakula kishikilie kwanza, mama. Haruhusiwi kula sasa hivi, anachukuliwa DNA."

DNA!

Sasa ndugu zangu, hapa mjini DNA tunaijua kwa kazi moja tu. Mwanamke kaleta mtoto, mwanaume kakana. Habari za bati na damu zikanitoka kichwani zote.

Nikageuka. Kwenye benchi kakaa dada mmoja mzuri, kajitanda mtandio, ana mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu. Na yule mtoto ana komwe, paji limechomoza mpaka kofia inakaa upande. Jamani, komwe! Lile lile la Baba Rehema, hata Rehema wangu analo. Halafu miguuni pake nikaona nini? Hotpoti. (Kubwa kuliko yangu.)

Hotpoti mbili kwa mwanaume mmoja! Mashetani yakanipanda.

"Kumbe ni wewe!"

"Dada, samahani, tunajuana?"

"Tutajuana leo! Hilo komwe la mwanao umelitoa wapi?" Nikamvua mtoto kofia, nikawageukia watu wote pale ndani. "Lioneni! DNA ya nini tena? Hili lenyewe ni majibu!"

Mtoto akaangua kilio, akachomoka mbio. Kakimbilia wapi? Nyuma ya kaunta.

"Baba!"

Afande akambeba, akavua kofia yake taratibu, akajifuta jasho. Nikaona. Komwe! Tena la kwake limetangulia mbele kuliko la Baba Rehema.

"Mama," akasema, "huyo ni mke wangu. Kaniletea chakula cha mchana. Sasa unataka kuniambia mwanangu ni wa mtuhumiwa?"

Nikaiona dhamana ya mume wangu inayeyuka hivi hivi. Nikapiga magoti pale sakafuni, na gauni langu jipya, nikamwomba radhi yule dada mpaka sauti ikakauka. Bahati yangu akaanza kucheka yeye. Afande naye akalegea, akaanza kunielewesha kama mtoto wa chekechea. Kwamba wana damu ya mwizi, wanataka kuilinganisha. Kwamba mtu anaelezwa kwanza sababu, anaulizwa kama anaridhia, akigoma ni mpaka amri ya mahakama. Kwamba wanapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, ndiyo maana hatakiwi kula, na kinafungwa kwenye bahasha mbele ya macho yake.

"Mumeo hata hatukumbembeleza," akasema. "Wenzake walikuwa wanasitasita, yeye kasema chukueni, mimi sina cha kuficha."

Aibu ilinianzia kwenye unyayo. Nikageuka nitafute mlango wa kutokea, na mlangoni kasimama nani? Baba Rehema, na askari pembeni yake anang'ata midomo asicheke. Kasikia yote.

Dhamana tulipewa (Mungu ambariki yule dada). Njia nzima mume wangu kageukia dirishani. Mimi nikajiongelesha habari za foleni na joto, wapi! Kufika nyumbani akakaa, akavua viatu, ndipo akaniangalia.

"Mama Rehema, polisi hawanijui, wamenishuku kwa damu iliyokutwa kwenye bati. Wewe unanijua miaka yote hii, umenishuku kwa komwe la mtoto wa watu."

Nikaenda kumpakulia ule wali wa kwenye hotpoti.

Anayetaka kucheka acheke kimyakimya, tafadhali. Yupo chumba cha pili, na wali hajaugusa.