Parachichi la Kale Chini ya Ziwa

Jumatatu, 4 Machi
Tope limewasili! Bomba refu kunishinda, limejaa tope lililochimbwa chini ya ziwa. La juu ni la jana, la chini kabisa ni la maelfu ya miaka. Nikamweleza dereva aliyelileta, bila haraka: jani huanguka majini, huoza, lakini chembe za vinasaba vyake hung'ang'ania udongo. Kila mmea hufa na kitambulisho chake mfukoni. Sisi tunapekua mifuko. Dereva akaomba nimsainie karatasi aende zake.

Miaka thelathini nimefundisha kwamba ziwa lile lilizungukwa na msitu. Jirani yangu wa ofisi anashikilia kwamba zilikuwa nyasi tupu. Namwita Bwana Nyasi. Yeye huniita Mzee wa Vichaka. Mkuu wa maabara, niliyemfundisha mwenyewe tangu hajui kushika darubini, ameamua: atakayeungwa mkono na tope ndiye atakayesoma matokeo mbele ya wageni, Ijumaa ya tarehe 22. Mwisho wa mwezi nastaafu. Sina Ijumaa nyingine.

Mkuu amelipasua bomba kwa urefu. Nusu ni ya kazi; nusu ni akiba, imefungiwa chumba cha baridi, eti ya kwanza ikiharibika. Woga wa kitoto! Mimi ni mtu wa subira.

Jumanne, 5 Machi
Subira ina mipaka. Mkuu kasema tutaanzia matabaka ya juu, tushuke taratibu. Taratibu! Msitu wangu uko chini kabisa. Basi wenzangu walipokwenda kula mchana, nikaingia. Shabaha: kijiko kimoja cha tope la chini, kipite kwenye mashine ya kusoma vinasaba pamoja na sampuli zao. Nijue mapema, niandike hotuba kwa utulivu.

Tatizo ni glavu. Zinanichubua mikono hadi inapasuka. Mke wangu kanipaka mafuta ya parachichi anayoyakamua mwenyewe, kanionya nisiyafute. Sikuyafuta. Glavu zikateleza. Nikazivua. Tope nalo likaganda kijikoni kama mgeni asiyejua kuaga. Kando palikuwa na kichupa cha maji matupu. Kazi yake naijua, nimeifundisha: hupitia kila hatua pamoja na tope, na mmea ukionekana humo, basi uchafu ni wetu. Nilichovya kijiko mara moja tu. Maji ni maji.

Jumatatu, 11 Machi
Majibu! Niliyawahi kwenye printa. Tabaka la chini kabisa: parachichi, tena limefunika kila kitu! Mparachichi ni mti. Miti ni msitu. Nikapita mlango hadi mlango nikitangaza ushindi.

Bwana Nyasi akauliza, kwa ule upole wake unaokera, mparachichi ulioletwa juzijuzi na mabaharia kutoka ng'ambo ulifikaje hapa kabla yao, au uliogelea? Nikamjibu kwamba ndege husambaza mbegu. Akauliza ni ndege gani huyo anayemeza kokwa la parachichi, na akishameza, huruka au huitiwa gari? Watu wakaangua kicheko. Kisha akashusha kidole hadi mstari wa mwisho wa karatasi, wa kichupa cha maji. Parachichi! Akataka kujua kama kichupa nacho zamani kilikuwa shamba.

Mkuu akatokea. Akaniamkia shikamoo Mwalimu, akanipa mkono, akaushika kitambo. Akauachia. Akanusa kiganja chake.

Heri angenitukana.

Jumanne, 12 Machi
Mkuu kaninyang'anya ufunguo, huku akiniomba radhi. Kanieleza kwamba vinasaba vya kale ni mnong'ono na vya leo ni tarumbeta. Vikikutana, utasikia tarumbeta tu. Maneno yangu ya darasani, neno kwa neno! Nikampongeza kwa kukumbuka. Nusu ya kazi imetupwa yote. Sasa wanafungua akiba.

Nyumbani nikayalaumu mafuta. Mke wangu akasema mafuta hayana miguu, mume wangu, yalipelekwa.

Ijumaa, 22 Machi
Ukumbi umejaa. Tope la akiba limesema: msitu! Msitu mnene, na miti ileile niliyoitaja darasani. Kichupa cha maji, safi kabisa. Miaka thelathini nilikuwa sahihi!

Ila Mkuu alikwishaamua, kwa heshima zote, kwamba asome mtu ambaye hakuharibu sampuli. Akasoma Bwana Nyasi. Kila alipofika kwenye neno msitu alikohoa, kama anayemeza dawa chungu. Mimi safu ya nyuma, mikono mapajani, inanukia. Wageni wakampigia makofi yeye. Alipokuwa akitoka akaniinamia sikioni: pole, Mzee wa Vichaka, ungeshinda hata kwa kukaa tu.

Jumapili, 24 Machi
Nimetafakari kwa kina. Mtu mzima hukubali kosa, na kosa langu nimeliona.

Jumatano linaletwa bomba jingine, la ziwa jingine, kabla sijastaafu. Bwana Nyasi ameshaanza kutamba kwamba huko ni nyasi. Ufunguo alioninyang'anya Mkuu ulikuwa mmoja. Nilichonga mbili. Glavu bado zinanichubua, kwa hiyo nimemwomba mke wangu aache kabisa parachichi, anikamulie mafuta ya nazi.

Nazi huelea. Safari hii asiniulize mtu ilivukaje bahari.