Malalamiko Dhidi ya Watoto wa Kweli wa Darasa la Tano

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mafunzo ya Walimu wa Kiingereza,
Ghorofa ya pili, mlango wenye feni.

YAH: WATOTO WA KWELI NA USUMBUFU WAO

Mheshimiwa, nakuandikia nikiwa mzima wa afya, isipokuwa sauti, ambayo imebaki nusu, na heshima, ambayo habari zake utazikuta huko chini.

Kwanza nikukumbushe unaandikiwa na nani. Mimi nilizaliwa na bahati, tena bahati yenye pasipoti. Nimefundisha Kiingereza watoto wa nchi tisa, na katika nchi zote tisa hakuna hata mtoto mmoja aliyetoka darasani kwangu bila kuelewa. Wengine walielewa kabla sijamaliza. Nina vyeti kumi na vinne, vyote vya wiki mbili mbili, na mke wangu amevitundika sebuleni kwa kufuata rangi. Chuo kikuu nacho nimepita: niliingia kwa mlango wa mbele, nikatoa mada, nikala, nikatokea kwa mlango wa nyuma. Walimu niliowafundisha kufundisha wametapakaa dunia nzima, na nikishuka uwanja wowote wa ndege hakosekani mmoja wa kunipokea begi.

Mtu wa namna hiyo, dada yangu, hii ni wiki ya tatu yumo ndani ya darasa la tano na watoto sitini na watatu, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Naomba malalamiko yangu yasomwe kabla Kamati haijakaa Ijumaa.

1. Nalalamikia waraka wako. Unasema mkaguzi akimpa mwalimu alama chini ya arobaini, mwalimu aondolewe darasani, na mkaguzi huyo huyo alishike darasa mpaka Kamati iamue kama mwalimu anafukuzwa au anarudi. Niliusoma nikacheka. Nilijua umewaandikia wakaguzi wadogo.

Basi nikaja kumkagua mwalimu wa darasa hili. Ni mama wa makamo, shule nzima inamwita Mama Vidole, kwa sababu anafundisha kwa vidole: kila kidole neno, mkono mzima sentensi. Nikampa thelathini na moja. Nikaandika kwamba anatumia vidole kupita kiasi, na kwamba ametamka Kiswahili mara arobaini na moja ndani ya kipindi cha Kiingereza. Nikafunga faili, nikaenda kwenye gari. Dereva wako akaniambia, "Mzee, gari linarudi tupu. Wewe unabaki." Tena alisema akitabasamu, jambo ambalo naomba lichunguzwe peke yake.

Mkaguzi mahali pake ni nyuma, Mheshimiwa. Miaka ishirini na miwili nimekaa benchi la mwisho nikitazama visogo, na kisogo hakijawahi kumwuliza mtu swali. Sasa nimegeuzwa. Ukisimama mbele unakuta macho mia moja ishirini na sita, na yote yanangoja kitu kutoka kwako. Hili halimo kwenye mkataba wangu. Nimeusoma mara mbili.

2. Watoto hawa hawajapata mafunzo yoyote ya kufundishwa. Kwenye semina zetu, kama unavyojua, watoto huigizwa na walimu watu wazima. Wale ndio watoto! Wanakaa, wananyonya peremende za hoteli, mmoja anakosea kwa makusudi ili nimsahihishe, na ikifika dakika ya saba wote wanaelewa kwa pamoja. Dakika ya tisa wanacheka. Dakika ya kumi na mbili mmoja anauliza swali zuri, nami namwambia, "Hilo ni swali zuri."

Andalio langu la somo limefuata dakika hizo hizo. Lakini hawa wa kweli, dakika ya saba mmoja alikuwa chini ya dawati anatafuta kifutio, dakika ya tisa walicheka kweli, ila walinicheka mimi, na dakika ya kumi na mbili kumi na mmoja waliomba kwenda chooni. Kiranja, binti mwembamba mwenye sauti ya mtu wa forodhani, alinyoosha mkono. Nikafurahi, nikajua swali zuri limefika. Akasema, "Ticha, utangulizi tumeuelewa tangu jana. Somo lenyewe lini?"

3. Nalalamikia utii wao. Siku ya nne nilileta zoezi ambalo nimeliendesha mbele ya mawaziri. Kila mwanafunzi anapewa karatasi yenye kazi: zunguka utafute mtu mwenye saa, mtu anayejua kuogelea, mtu mwenye ndugu watano. Hotelini, watu wanazunguka kwenye zulia, wanaulizana kwa adabu, wanarudi kunywa chai. Humu ndani madawati yamebanana kiasi kwamba hata inzi anapita kwa ubavu. Nikapiga kofi moja nikasema, zungukeni.

Wakazunguka. Walianza na chumba, wakamaliza chumba, wakatoka mlangoni. Nilibaki na andalio langu na ubao. Nilielezwa baadaye kwamba wanane walimkuta Mwalimu Mkuu kwenye kikao wakamwuliza, kwa Kiingereza, kama anajua kuogelea. Kundi jingine lilivuka barabara mpaka kwa fundi wa saa, kwa sababu karatasi ilitaka mwenye saa, na yule alikuwa nazo thelathini. Nilipowafokea, kiranja alinijibu bila hata kukunja uso: "Ticha, humu ndani mwenye saa ulikuwa wewe tu. Tulikuja kukuuliza ukasema usisumbuliwe, unasimamia."

Sitaki kusema alikuwa sahihi. Nasema tu kwamba niliivua saa nikaitia mfukoni.

4. Sasa nafika kwa Mama Vidole mwenyewe. Kwa amri yako amewekwa stoo ya vitabu kungoja Ijumaa. Stoo hiyo imepakana na darasa langu, na ukuta uliopo kati haufiki darini. Kwa hiyo anasikia kila kitu. Mheshimiwa, mama huyu hacheki. Nimetega sikio siku kumi na tano nzima, hajacheka hata mara moja, na hilo linaniuma kuliko kama angecheka.

Jumatatu iliyopita darasa lilinishinda kabisa. Nilikuwa nimepanda juu ya kiti, nikipiga kelele kwa lugha mbili. Ghafla ukuta ukagongwa: ko, ko. Basi. Watoto sitini na watatu wakakaa, wakafunga midomo, wakanitazama kama mimi ndiye niliyebaki nafanya fujo. Je, kuna kanuni gani inayomruhusu mwalimu mwenye thelathini na moja kumsaidia mtu mwenye vyeti kumi na vinne bila kuombwa?

Tena si hilo tu. Kesho yake nilikuta karatasi mezani, imeandikwa kwa mkono, majina yote sitini na matatu. Huyu haoni ubao, mweke mbele lakini usiseme kwa nini. Huyu ana kigugumizi, muulize pamoja na wenzake, asisimame peke yake. Huyu anachelewa kwa sababu anamwogesha bibi yake, usimuulize mbele ya watu. Huyu wa benchi la mwisho, karibu na dirisha, hajasema kitu tangu mama yake alipoondoka. Usimlazimishe, atasema akiwa tayari.

Nikachukua fomu yangu ya ukaguzi, ile ya kurasa sita niliyoitunga mwenyewe, nikatafuta mahali pa kujaza mambo hayo. Hakuna. Kuna sehemu ya usafi wa ubao. Kuna sehemu ya mavazi. Nalalamika rasmi kwamba mama huyu anafanya kazi ambazo hazimo kwenye fomu, na hivyo kutufanya sisi tulioitunga tuonekane vibaya.

5. Lalamiko la mwisho ndilo zito. Watoto hawa wanajua Kiingereza.

Niligundua kwa bahati mbaya. Juzi nilinyanyua mkono, vidole vitano, kuwaonyesha kwamba zimebaki dakika tano. Darasa zima likasema sentensi ya maneno matano, kwa sauti moja, safi kama redio. Nikashtuka, nikakunja kidole kimoja. Wakaipunguza sentensi neno moja, na bado ikaleta maana. Nikajaribu mkono wa pili. Dada yangu, tuliendelea mpaka kengele ikalia. Nilitoka jasho la furaha, na furaha haikuwa kwenye andalio.

Hapo ndipo yule binti wa karibu na dirisha akasimama. Alinyanyua vidole vyake vinne, akavitazama, akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, neno kwa kidole: mwalimu wetu yuko wapi?

Nilimjibu kwa Kiswahili. Nimezunguka na lugha hii ya Kiingereza kama mtu na mwavuli wake, lakini dakika ile sikuiona ilipo. Nikamwambia, "Yupo hapo nyuma ya ukuta, mwanangu." Na yeye akakaa. Na nyuma ya ukuta kitabu kikaanguka.

Kwa sababu hizo zote, naomba Kamati iamue haya. Watoto wote wapewe semina ya wiki mbili ya namna ya kufundishwa, na cheti. Watakaoshindwa waondolewe, na nafasi zao zijazwe na watu wazima wenye uzoefu wa kuwa watoto. Hilo likishindikana, shule ihamishiwe hotelini, penye zulia. Ukuta uongezwe mpaka darini. Na kwa kuwa vidole ndiyo chanzo cha yote, kila mwalimu aingie darasani na mikono mfukoni, na asiye na mifuko ashonewe na Idara.

Nisalimie mhudumu wako wa chai, mwambie sijamsahau. Msalimie dereva, ingawa hastahili. Wasalimie wajumbe wa Kamati mmoja mmoja, hasa yule anayesinzia, na mama yako mzazi, mwambie goti lake nimeliombea.

Ni mimi mtumishi wako mwenye sauti nusu,
Mkufunzi wa Kimataifa.

Tanbihi: Baada ya kuandika yote hayo nimesoma barua yangu kwa sauti, na mtu wa upande wa pili wa ukuta amegonga: ko, ko. Kwa hiyo hayo maombi yafute yote. Peleka mbele ya Kamati haya tu: ile thelathini na moja niliiandika nikiwa garini, kabla sijaingia darasani, kwa sababu faili lake halikuwa na cheti hata kimoja cha semina. Kule ndani nilikaa dakika tisa, nne nikitafuta kalamu. Kiswahili sikukihesabu, nilikisia. Mrudisheni Ijumaa hiyo hiyo, na kwenye alama hizo muandike jina langu. Mkinifukuza sitanung'unika, ila kama mtaniacha, naomba nikae darasani mwake muhula mmoja nijifunze, na fomu nitaiacha nyumbani.

Na zile nchi tisa ni uongo. Ni tatu, na zote nilifundisha watu wazima ukumbini. Kabla ya wiki hizi tatu sikuwahi kufundisha mtoto hata mmoja.