Siku Bibi Bualai Alipomtafuna Panzi

Tulieni, enyi wenye magego, nanyi mliobakiwa na ufizi mtupu sogeeni mbele zaidi, kwa maana habari hii ni yenu kuliko ya wengine. Wafalme waliovunja ngome wamekwisha kusifiwa na wenye ngoma na tarumbeta. Mimi nimejaliwa kuwaeleza jinsi Bualai binti Khampha, mfumaji wa hariri, mjane, mwenye magoti mabovu na moyo wa simba, alivyopigana vita na panzi mmoja wa kukaanga katika soko la jioni la mji wetu, mkoani Roi Et, akamshinda. Ewe kumbukumbu, niongoze nisipunguze neno. Nikiongeza kidogo mtanisamehe, maana panzi asiye na chumvi haliki.

Nyuma ya mkokoteni wa Wichan muuza wadudu palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka huo, kila jioni joto lilipopungua, lilikutana baraza tukufu la wafumaji wazee. Wichan alikaanga panzi, nyenje na mabuu ya hariri katika karai lake, akawatupia majani ya ndimu, kisha akawanyunyizia mchuzi wa soya kwa chupa ya kupuliza, kwa taadhima ya mtawa anyunyizaye maji ya baraka. Mfuko ukapita mkono kwa mkono, na umbea ukapita nao. Sheria ya mkeka ule haikuwa imeandikwa popote lakini hakuna aliyeivunja: mwenye meno alikula panzi, asiye nayo alipewa mabuu, kwa kuwa ni laini. Tena panzi ambaye baraza halikumsikia akivunjika, huyo alihesabiwa hajaliwa.

Basi zilimjia Bualai siku nzito. Mumewe Prasoet alifariki, na baada yake meno yakaanza kuondoka moja moja, kama wageni wanaoaga matangani, hata lisibaki jino la kulishika jingine. Jioni ya kwanza alipokaa mkekani hali ya kuwa kibogoyo, wifi yake Thongyun, dada wa marehemu, bingwa wa panzi na mwenye ulimi uliofanya hata mbwa wa soko wampishe, alimsukumia mfuko wa mabuu mbele ya watu wote akamwambia ale chakula cha saizi yake. Na mabuu, jamani, Bualai aliwajua. Tangu utotoni aliwaokota katika chungu cha maji ya moto alipokuwa akivuta uzi wa hariri. Kila kifukofuko cha hariri kilipokwisha kufumuka, buu mwenyewe alibaki uchi na kuingia mdomoni mwa mvutaji. Hicho kilikuwa chakula cha kazini. Kupewa hicho barazani ni kuambiwa rudi utotoni ukaanze upya.

Akaacha kwenda. Jioni zake akala uji mbele ya televisheni, na televisheni haikumuuliza hali. Nasema wazi, upweke ulimuuma kuliko ufizi. Alikuwa amemzika mume, na sasa alikuwa anawazika marafiki wakiwa hai.

Lakini shujaa halali siku zote. Alikwenda kwa fundi wa meno, akatengenezewa silaha za juu na za chini, meno ya bandia meupe kuliko aliyowahi kuwa nayo ujanani, na fundi akamsihi aanze na vitu laini, awe na subira, ayazoee. Bualai aliitikia kwa heshima na hakusikia hata neno moja. Jioni ya siku ile ile akaoga, akajipaka poda, akajifunga doti ya hariri aliyoifuma kwa mikono yake, akayasuuza meno na kuyavaa kama jemadari avaavyo kofia ya chuma, akaenda sokoni. Magoti yakamlalamikia njia nzima, asiyajibu.

"Wifi umekumbuka njia," akasema Thongyun, wala hakuinuka. "Wichan, mpimie mabuu. Wale laini."

Bualai hakuketi. Alisimama mbele ya karai, mvuke ukimzunguka, akanena maneno ambayo mpaka leo yanarudiwa kwenye foleni ya supu ya tambi.

"Wichan, mwanangu, wateremshe hao mabuu. Nimewala tangu sijavunja ungo. Nimeolewa nikiwala, nimezaa nikiwala, na nawaheshimu, lakini leo sikuja kulishwa kama mtoto anayeachishwa ziwa. Nipe panzi. Chagua mkubwa, mwenye miguu na mabawa yake yote, asije mtu kesho akasema bibi Bualai alipewa kilema."

"Ile miguu ina miiba, bibi," Wichan akamkumbusha kwa upole.

"Nitaing'oa mwenyewe. Mikono yangu haijafa."

"Sisi tutasikiliza," akasema Thongyun. "Masikio tunayo."

Hapo ndipo Bualai alipoketi mkekani, mfuko wa panzi mapajani, akamtoa adui yake nuruni. Alikuwa panzi wa kutisha, mwenye deraya ya rangi ya dhahabu, paji pana na macho yasiyomwogopa mtu. Bualai akamvua mabawa, akamng'oa mapaja yenye misumeno, akamwinua mbele ya baraza ili wote washuhudie, kisha, kwa kiburi cha ujana uliorudi ghafla, akamtia kwenye meno ya mbele na kuuma kwa nguvu zake zote.

Panzi hakuvunjika. Meno ya juu yaliinuka kwa nyuma, yakateleza, yakaruka nje kama chura wa masika, yakatua ndani ya mfuko, na yakabaki humo yakiwachekea panzi. Soko likaangua kicheko. Muuza tambi alicheka mpaka akashika nguzo. Bualai alijifunika mdomo kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akaanza kupapasa kandambili zake. Hakulia, lakini machozi yalikuwa yameshafika. Alikuwa ameamua kwenda nyumbani na asionekane mkekani tena maisha yake yote, na kila aliyemjua alijua kwamba akiondoka hivyo, hatarudi.

Sasa sikilizeni, maana vita viligeuka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Thongyun hakuwa amecheka. Alitia mkono mfukoni, akayatoa yale meno katikati ya mizoga, akayasuuza kwa maji yake ya kunywa, akayaweka kwenye kiganja cha wifi yake. Kisha, hadharani, mbele ya baraza na mbele ya muuza tambi, akaingiza kidole kinywani mwake mwenyewe na kuchomoa safu nzima ya meno ya juu. Kicheko kikakatika. Bingwa wa panzi alikuwa kibogoyo upande wa juu kama mtoto mchanga, na mashavu yake yalibonyea.

"Nina mwaka wa tano na haya," akasema, maneno yakitoka na upepo mwingi. "Kaka yangu alijua. Akafa nalo."

"Hata mimi hakuniambia," akasema Bualai.

"Nilimwapisha."

"Na wewe ukanisema vile. Mbele za watu."

Thongyun alitazama chini. "Niliogopa, wifi. Ningekuonea huruma, ungenisogelea, ungenitazama mdomoni." Akayarudisha meno yake, akapangusa midomo kwa upande wa kanga, na sauti yake ikarudi na ukali wake. "Acha machozi, tazama hapa. Meno haya hayana mizizi, ukiuma mbele yanainuka nyuma. Mpeleke pembeni, huku shavuni. Ulimi ushike kaakaa. Halafu bana polepole, kama unakata uzi."

Bualai akavaa silaha zake mara ya pili. Pikipiki ilikuwa inapita, na baraza zima likaingoja ipite. Wichan alizima moto ili mafuta yanyamaze. Panzi yule yule, mwenye alama moja ya aibu kifuani, akaingia kinywani kwa mlango wa pembeni, ulimi ukapanda, taya zikafunga.

Kwach.

Ilisikika hadi kwa muuza tambi. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu, na deraya ya dhahabu ikawa unga. Wazee wakapiga makofi mapajani, Wichan akainua chupa yake ya soya juu kama bendera, na mimi niliyekuwepo naandika hapa, kwa faida ya vizazi vijavyo, kwamba katika mwaka ule nchi zilibadilisha mipaka, wakubwa walipanda na wengine wakaanguka, na hakuna tukio katika hayo lililolingana na hili.

Thongyun alisogeza nyonga, akaacha nafasi kubwa mkekani ubavuni pake, akaipigapiga kwa kiganja.

"Kesho usichelewe," akasema.

Bualai akasogea pale, akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umejaa.