Kuku Mwekundu wa Usawa

Jumatatu, 24 Februari

Nimepata! Madame Myriam, mwenye nyumba ya sanaa kule mtaa wa Golf, anaandaa maonyesho ya vitambaa vya kutarizi. Mada: usawa wa mume na mke. Mke anatarizi nusu yake, mume anatarizi nusu yake, kila mmoja kwa mkono wake mwenyewe, halafu nusu zinaunganishwa. Zawadi: cherehani mpya ya umeme.

Cherehani ya Lydie, mke wangu, ilikufa siku ya Noeli, sketi ya mteja ikiwa bado mdomoni. Tangu hapo anashona kwa mkono mpaka vidole vinavimba. Nilipompa habari aliweka sindano chini. Halafu akasema: “Papa Deborah, ile mashini niko naitaka kabisa. Usinidanganye.”

Nimeapa. Mimi ni mtu wa usawa tangu zamani. Nikimaliza kula, sahani yangu naisukuma mwenyewe mpaka katikati ya meza.

Jirani yetu Shafi naye amejiandikisha. Fundi wa kofia, mwana wa fundi wa kofia! Sindano iko kwenye damu yake. Huo ni usawa gani?

Jumanne, 25 Februari

Nimejaribu. Kuingiza uzi tu kwenye sindano, asubuhi nzima imekwisha. Nimetarizi ua. Binti yetu Deborah ameuliza kama ni nzi. Nikasimama kwa hasira, kitambaa kikasimama nami. Nilikuwa nimekishona pamoja na suruali.

Nusu ya Lydie inaendelea: mwanaume na mwanamke wanatwanga majani ya sombe kwenye kinu kimoja. Ni nzuri mpaka inaudhi. Nimetangaza kwamba kuanzia leo natarizi mafichoni. Msanii anahitaji utulivu.

Jumatano, 26 Februari

Akili ni mali! Nimekwenda kwa Mama Germaine, mjane wa mtu wa reli, aliyefundishwa kutarizi na masista alipokuwa msichana. Kitambaa chini ya koti. Nimemwomba anitengenezee mwanaume anayefua nguo. Amecheka mpaka akashika mbavu: “Banaume ba leo, bamekuwa je?” Bei: gunia la makala ya kupikia.

Nimelipeleka. Uwanja wake umejaa magunia ya makala mpaka mlangoni. Inaonekana Mama ameanza biashara. Hongera kwake.

Lydie nimemwambia makala yameibwa. Akauliza ni mwizi gani anabeba makala na kuacha redio. Nikasema wezi wa siku hizi hawaeleweki.

Jumapili, 2 Machi

Nusu yangu imekamilika! Mwanaume anafua, povu mpaka viwikoni. Pembeni chini, kuku mdogo mwekundu. Sikuomba kuku. Mama Germaine amesema masista walimfundisha kila mtu amalize kazi kwa alama yake, na yeye bila kuku mkono haulali. Basi, kuku.

Lydie ameangalia kitambaa muda mrefu. Machozi yakamtoka. Akanishika mkono, akasema hakujua kama nina moyo wa namna hii. Niliona aibu kwelikweli. Kisha akaniwekea nyama kubwa kwenye sahani ya bukari, ugali wetu, aibu ikapungua.

Shafi, maskini, anatarizi nje mbele ya mlango, wapita njia wote wanamwona. Kumbe mkono uliozoea kofia hauwezi kuchora mtu. Mkewe Ramla anamfokea, anafumua, anaanza tena. Hana hata haya!

Jumamosi, 8 Machi

Ufunguzi. Wanawake wote wamevaa kitenge cha siku yao. Mimi koti jeusi.

Nilipopewa nafasi nikashika maikrofoni. Nikaeleza kwamba kuku yule ni mimi: mwanaume aliyekataa majivuno ya jogoo. Wekundu ni damu ya vidole vyangu. Makofi! Madame Myriam akafuta macho. Lydie akasimama wima, kidevu juu.

Wageni wakasogea kwenye kitambaa cha Stéphane, fundi magari wa avenyu yetu. Pembeni chini, kuku mwekundu. Wakasogea tena. Kuku. Tena. Kuku. Ukuta mzima umekuwa banda!

Wanawake waliangalia kuku, wakaangalia waume zao. Ndipo Lydie akauliza kwa sauti ni nani mwingine aliyeibiwa makala. Mikono ya wake ikapanda, karibu wote.

Wakati huohuo akaingia Mama Germaine, kitenge kipya, kilemba kirefu. Akapita mbele ya kuku wake mmoja mmoja akitabasamu. Akauliza mbona watu hawapigi makofi.

Kitambaa kimoja tu hakikuwa na kuku. Cha Shafi: mwanaume wake ana mkono mmoja mrefu kuliko mguu. Cherehani imekwenda kwa Ramla.

Jumapili, 9 Machi

Lydie hapigi kelele. Afadhali angepiga. Amesema makala si kitu, hata mashini si kitu. Kinachomuuma ni ile siku aliyonishika mkono.

Nimelia. Nimeapa tena. Kwenye kiti changu ameweka kitambaa cheupe na sindano, akaenda kwa Ramla, aliyemruhusu kushonea pale alasiri. Nimetarizi mstari mmoja kwa mkono wangu. Umepinda, lakini ni wangu. Nimebadilika. Nakiri, Shafi ni mwanaume.

Jumatano, 12 Machi

Habari kubwa! Madame Myriam anawapa waume nafasi ya pili, Pasaka. Kitambaa cha toba, na zawadi ni cherehani nyingine! Lydie amekiangalia kile kitambaa cheupe, akaniangalia mimi, akasema neno moja tu: “Shona.”

Nimekaa, nimefikiri kama mtu mzima. Kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye kuku.

Nimekwenda kwa Mama Germaine na gunia la mwisho. Nimemwambia bila kuzunguka: safari hii hakuna kuku, weka bata. Akaniuliza: “Na weye pia, bata?” Sijaelewa hiyo “pia”. Uzee huo.

Mlangoni nimempisha Stéphane akiingia, gunia begani, koti limevimba. Maskini. Bado anafikiria kuku.